Ufunguo wa Kabati la Mama Osmundi

Osmundi alinipigia simu nikiwa nachemsha chai ya asubuhi, akaniambia mambo mawili kwa pumzi moja: mama yake amefariki, na niende na ufunguo. Nilipotaka kuuliza mazishi lini, akanikatiza kwa sauti ya mtu aliyekesha akilia. "Mwalimu, watu wameanza kufika, ng'ombe amefungwa pale nje, na kabati lina kufuli. Njoo kwanza, mengine tutaongea hapa hapa." Nikakaa na simu mkononi hadi chai ikafurika ikazima jiko. Huzuni ilinishika, sitaki kudanganya, ilinishika hasa. Lakini na hasira pia ilikuwepo, ile ile ya zamani, maana Mama Osmundi hata akifa ananituma!

Ufunguo wenyewe ni mdogo, wa kufuli la kawaida la dukani, umefungwa uzi mwekundu ambao mke wangu Zaituni huubadilisha kila ukichakaa. Unafungua kabati la jikoni kwenye nyumba ya Wakatoliki kule Matogoro, nyumba ambayo si yangu na ambayo tulihama zamani mno, watoto wetu wote hawajafika shule. Watu wamewahi kuniuliza: wewe mwalimu, Mwislamu, mtu wa Tunduru, una kazi gani na ufunguo wa jiko la Wangoni? Huwa nawajibu waache tu, ni habari ndefu. Na kila nilipojaribu kuisimulia mbele ya Mama Osmundi mwenyewe, alinikatiza na kunirekebisha hadi ikawa habari nyingine. Leo hayupo wa kunikatiza. Nitasimulia mwaka ule niliotafuta chumba cha kupanga Songea, mwaka ambao nilikaribia kuacha ualimu nikarudi kwetu kupalilia mikorosho.

Nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi upande wa Matogoro. Ndoa yangu ilikuwa bado mbichi, na Zaituni alikuwa amebaki kwao Tunduru na mimba changa. Kwetu Wayao mke hang'olewi kwao kama mche wa mchicha. Kwa desturi mwanamume ndiye anayehamia ukweni, na mwenye kauli juu ya binti si baba yake, ni mjomba. Mjomba wa Zaituni aliitwa Mzee Twaibu, mtu mwembamba, mpole wa sauti, mgumu kama gogo la mpingo. Nilipomwendea kumwomba ruhusa ya kumhamishia mke wangu mjini, alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vumbi la korosho vidoleni, akasema, "Mwanangu Sefu, sitaki kusikia habari ya nyumba. Watu wa mjini mna maneno mengi. Nataka ufunguo. Nitakuja mwenyewe, niushike, niutie mlangoni, ugeuke. Usipogeuka kabla ya mtoto kuzaliwa, mwanetu atajifungulia hapa, mtoto atakulia hapa, na wewe utakuwa unakuja kumwona kama mgeni." Akanikaribisha chai. Hakukuwa na ugomvi wowote, ndiyo maana nilijua hasemi kwa utani.

Nikashuka Songea nikiwa na matumaini ya kijana. Nilifikia kwa Mwalimu Haule, tuliyesoma naye chuo, aliyekuwa amepanga Majengo na mke wake na watoto. Nililala kwenye kochi la sebuleni. Sebule yenyewe ndiyo ilikuwa njia ya kila mtu: watoto wanapita na sare, mama anapita na ndoo, jirani anapita kuomba kiberiti, na wote wanakusalimia wewe uliyelala mdomo wazi. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo maneno ya chumbani yalipanda juu ya ukuta yakanishukia kifuani. Sitasahau alfajiri moja ya baridi, ile baridi ya Songea ya katikati ya mwaka inayoingia mpaka kwenye meno, nimejikunyata chini ya koti, nikamsikia Mama Haule akimwuliza mumewe, "Baba Bertha, huyu mgeni wako tumwachie nyumba tuhame sisi?"

"Anatafuta, mama. Mvumilie," Haule akanong'ona.

"Anatafuta nini? Mji wote huu umejaa vyumba. Au anatafuta ikulu?"

"Ana mshahara wa mwalimu."

"Na wewe una mshahara wa nani?"

Asubuhi hiyo Mama Haule aliniwekea uji wa moto na karanga, akaniuliza kwa upole wote nimelalaje. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nilikuwa nimelipita mbali sana. Ningekuwa na pa kwenda ningekwenda siku hiyo hiyo bila kumaliza uji.

Dalali wangu aliitwa Kornel, kijana mrefu mwenye baiskeli na kofia ya sufu, ambaye kabla hajakuonyesha hata ukuta alitaka chochote cha kumnyooshea miguu. Kila chumba alikisifu kwa maneno yale yale: "Mwalimu, hiki kimekungoja wewe." Kule Majengo kilikuwa kimeningoja chumba kizuri, na mzee mwenye nyumba akadai kodi ya mwaka mzima, mkononi, kabla sijalaza kichwa. "Mzee wangu, mimi ni mwalimu," nikamwambia. "Ndiyo maana nataka ya mwaka," akajibu. "Walimu nawajua." Bombambili kilikuwa kimeningoja chumba na sebule, bei nafuu mpaka nikashtuka, kisha nikaambiwa bili ya umeme wapangaji tunagawana sawa kwa sawa. Nikauliza jirani yangu anafanya kazi gani. Anachomelea mageti. Nikamtazama Kornel, Kornel akatazama mawingu.

Lakini walioniua hasa ni wale wa Lizaboni, na wenzao waliofuata. Mama mmoja alikuwa anafua uani. Alinipima kwa macho kuanzia kwenye viatu, akauliza, "Uko peke yako?" Nikasema nina mke. "Yuko wapi?" Tunduru. "Basi uko peke yako. Hapa mabachela hatuwataki, wanajaza wasichana uani. Njoo na mkeo, chumba chako." Nikamweleza kwamba mke siwezi kumleta mpaka nipate chumba. Akakamua shuka, akalikung'uta maji yakanirukia. "Hayo ya kwenu, baba." Nilipita mlango kwa mlango nikisikia wimbo huo mmoja. Mwenye nyumba anataka amwone mke ndipo atoe ufunguo, na mjomba anataka auone ufunguo ndipo atoe mke. Niambieni ninyi, mtu ataingilia wapi? Nilianza kuongea peke yangu njiani. Wanafunzi wakanisikia, wakanipa jina ambalo sitalitaja hapa.

Zaituni alikuwa akinipigia kwa simu ya kuazima pale dukani kwao, maneno mafupi mafupi kwa sababu ya watu waliomzunguka. Siku moja akaniambia, "Mjomba hasemi kitu. Ila jana ameanza kumkandikia mtoto chumba." Nikauliza chumba gani. "Kile cha nyuma ya kwake. Udongo ameshaleta." Nikasimama nimeishika simu baada ya yeye kukata. Nilikiona kile chumba, nikamwona na mtoto wangu akitambaa humo, akiniangalia kama anavyoangaliwa bwana wa ushirika anayepita kuulizia korosho. Sikuwahi kuogopa kitu hivyo.

Nikamfuata Kornel nikamshika usukani wa baiskeli. Nikamwambia leo hakuna sifa, nipe chumba chochote chenye mlango. Akajikuna chini ya kofia. "Kipo kimoja Matogoro, chumba na sebule. Kodi ya mwezi kwa mwezi, mama hana tamaa. Lakini kule wapangaji hawakai."

"Kwa nini hawakai?"

"Utaona mwenyewe."

Nyumba ilikuwa chini ya milima, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka na moshi wa majiko huchanganyika nao. Mlango wa chumba ulitazama barabarani, dirisha lilitazama msitu, sakafu nyekundu imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikatia mguu ndani. "Viatu!" sauti ikalipuka nyuma yangu, nikaruka nje kama mwizi. Alikuwa mama mfupi, mnene, ameshika dekio lililochuruzika maji, rozari shingoni, kanga kiunoni. Huyo ndiye Mama Osmundi, mjane, mwenye nyumba. Sikuwa nimemsalimia bado, na tayari nilikuwa nimekosea.

"Wewe Mwislamu?" akaniuliza.

Uvumilivu wangu uliishia hapo. "Ndiyo, mama, shikamoo! Ni Mwislamu, ni mwalimu, nimeoa, mke yuko Tunduru, sina mtoto bado, sichomelei mageti! Kama hupangishi Waislamu niambie sasa hivi nikapumzike!"

"Marahaba," akasema, bila hata kupepesa. "Nani kasema sipangishi? Mbona unapiga kelele kwenye nyumba ya watu? Nakuuliza hivi: kuchinja unajua?"

Katika mji mzima wameniuliza kila kitu, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema kuku najua, mbuzi pia, kwetu nilifundishwa. Akaegemeza dekio ukutani, akanieleza, na alipokuwa akieleza niliona macho yake yanabadilika. Mwanawe Osmundi alipopata kipaimara, alialika mtaa wote. Majirani zake Waislamu walikuja na zawadi zao, wakakaa chini ya turubai, wakampongeza mtoto. Pilau ilipopita, wakashukuru, wakanywa soda, wakaenda. Kuku walikuwa wamechinjwa na shemeji yake, kwa kisu kile kile cha siku zote. "Watu wamekaa kwenye uwanja wangu mimi, wakaondoka na njaa," akasema. "Na hawakunilaumu! Wangenitukana ningelala usingizi. Nikaapa mbele ya Mungu, mpangaji wangu atakuwa mchinjaji, na nitakuwa na sufuria yao."

Wakati naanza kumpenda, nyuma ya nyumba kitu kikakoroma, kikajibiwa na kingine. Kornel akainama kukagua mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na tatizo lolote. Nikajua kwa nini wapangaji hawakai: wale ambao Mama Osmundi aliwataka ndio hasa waliokimbia wakisikia mkoromo ule.

"Ndiyo, ni nguruwe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Sikufichi. Na hawahami. Ndio wanaomsomesha Osmundi, ndio walioezeka bati hili juu ya kichwa chako. Wewe kaa kwako, wao wakae kwao." Akanivuta mkono hadi jikoni. Palikuwa na kabati jipya la mbao, limefungwa kufuli. Ndani, katika kanga mpya, alikuwa ameviringisha sufuria kubwa, mwiko, sahani na kisu, vyote vikiwa bado na karatasi za dukani. "Havijagusa kitu. Watu wangu siwaamini, hasa huyu Osmundi, njaa ikimshika hachagui sufuria. Ufunguo utakaa kwako. Wa chumba, na huu. Mimi mwenyewe sitakuwa nao."

Nikahamia. Msidhani nilihamia peponi. Yule mama alinichosha! Ukipika alitaka kufunika sufuria yako. Ukicheka alitaka kujua nini. Mgeni akija alimhoji barabarani kabla hajanifikia. Nikapiga uzio wa mabanzi kati ya chumba changu na banda la nguruwe, yeye akasimama nyuma yangu kila ubao akisema umekaa upande, mpaka nikampa nyundo nikamwambia apige mwenyewe. Akaupiga, tena vizuri kuliko mimi. Usiku nilihesabu nguruwe wakikoroma badala ya kulala, nikijiuliza huyo Mzee Twaibu nitamweleza nini. Maana nilikuwa nimeshamtumia salamu: Mjomba, ufunguo upo, njoo.

Akaja na lori la mizigo, kwa barabara ya vumbi ya siku zile, ameoga udongo mwekundu kichwa hadi kiatu, na kikapu cha korosho mkononi. Nilimpokea kwa shikamoo. Tulipofika mlangoni akainua mguu kuingia. "Viatu!" Nikafumba macho. Mjomba, mtu ambaye Tunduru hakuna anayempazia sauti, akasimama na mguu hewani, akamtazama yule mama na dekio lake, kisha taratibu akavua makubazi akayapanga ukutani. Nikampa ufunguo. Akauangalia pande zote mbili. Akautia, ukageuka. Akafunga, akafungua, akafunga tena. Uso wake ukaanza kulegea, na ndipo nyuma ya mabanzi mmoja wao, Mungu na amlaani, akapiga ukelele.

"Sefu," Mjomba akasema polepole. "Ni nini hicho?"

Mama Osmundi akawahi. "Ni nguruwe, babu. Wapo kwao."

"Zamani ninyi Wangoni mlitujia na mikuki," Mjomba akasema, "leo mnatutisha na nguruwe?"

"Na ninyi mlikimbia mikuki, mbona mnakimbia na nguruwe?" Ulikuwa utani wa makabila, lakini hakuna aliyecheka. Mjomba alikuwa ameshageukia makubazi yake. Niliona chumba kile cha udongo cha Tunduru kinakandikwa mpaka juu.

Mama Osmundi akaja akasimama kati yake na viatu. Hakupaza sauti, na sikuwahi kumsikia akiongea hivyo kabla. "Babu, umesafiri, una njaa. Mkweo amechinja jogoo asubuhi kwa mkono wake. Amempika yeye, katika sufuria ambayo mimi sijawahi kuipikia. Usiondoke na njaa kwenye uwanja wangu. Ukishakula, kama mwanao humleti, nenda."

"Sufuria ya nani?"

"Yenu. Ipo kabatini."

"Na kabati anafungua nani?"

Nikatoa ufunguo wa pili mfukoni. Mjomba akauchukua, akaenda nao jikoni, akaufungua na kuufunga ule mlango wa kabati kama alivyofanya wa chumba. "Wewe huna wa kwako?" akamwuliza Mama Osmundi.

"Sina."

"Kwenye jiko lako mwenyewe?"

"Kwenye jiko langu mwenyewe."

Mjomba akakaa mkekani, akanawa, akala. Alikula kwa muda mrefu, hadi ugali ukaisha, na Mama Osmundi akasimama mlangoni akimwangalia kila tonge kama mtu anayelipwa deni. Alipomaliza, akamwachia yeye kikapu chote cha korosho, si mimi. Njiani kwenda kutafuta lori la kurudi akaniambia, "Mwanamke anayekosa ufunguo wa jiko lake kwa ajili ya wageni, hatamnyanyasa mwanetu. Ila kelele zake, Sefu! Pole sana."

Zaituni alikuja kabla ya msimu wa korosho, na binti yetu alizaliwa Songea. Mama Osmundi alimwogesha kila asubuhi akimlalamikia kwa Kingoni. Kile chumba cha udongo Mjomba alikigeuza ghala. Tulikaa miaka, kisha tukajenga kwetu Msamala, na siku ya kuhama nilimpa mama funguo zote mbili. Akauchukua wa chumba, huu akanirudishia. Kila Pasaka, kila Krismasi, kila harusi, nimekwenda Matogoro kufungua, kuchinja, kuosha na kufunga. Nimelalamika mno. Wapangaji wengine Waislamu walikuja, nikasema mpe huyu, mpe yule. Aliniambia hao bado hajawaona wakikasirika.

Basi siku ya msiba nikafika. Turubai limeshafungwa, kina mama wa jumuiya wanaimba, majirani wenye kofia wamekaa pamoja na wenye rozari. Nikapita moja kwa moja mlango wa jikoni. "Mwalimu, viatu!" Nikaganda. Alikuwa Generosa, mke wa Osmundi, macho yamevimba kwa kulia, dekio mkononi. Hakujua alichokisema, au alijua. Nikavua viatu, na machozi niliyokuwa nimeyabana tangu asubuhi yakanishinda pale pale kwenye sakafu yenye maji.

Nikafungua kabati. Sufuria ilikuwa kwenye kanga yake, kama nilivyoiacha. Osmundi, mwanaume mwenye mvi sasa, alimshika ng'ombe miguu huku analia, nami nikasoma bismillahi nikachinja. Watu walikula. Nilizunguka nikitazama sahani moja moja, na hakuna aliyeondoka kwenye uwanja wa Mama Osmundi na njaa. Mchana ulipokwisha nikaosha sufuria mwenyewe, nikaifuta, nikaiviringisha kwenye kanga, nikafunga kufuli. Osmundi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Nikamnyooshea ufunguo na uzi wake mwekundu. "Mama hayupo," nikamwambia. "Huu sasa ni wenu."

Hakuupokea. Akainua uso, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani Mwalimu unahama?"

Nikaurudisha mfukoni.